Mtoto alisema "ni kweli" kortini. Kweli ipi?

BARUA

Assalam aleikum Bi Mkubwa,

Nakuandikia kutoka Langoni, Lamu. Nimemlea mtoto wa dada yangu tangu akiwa na miaka 6, dada alipokwenda Saudia kutafuta riziki. Sasa ana miaka 15, yuko Gredi ya 9. Si malaika, nisikudanganye. Maji yakijaa, madrasa huikimbia akaruke baharini na wenzake, na simu yangu nikiilaza kidogo tu ameshaiokota. Lakini kesi ya polisi haijawahi kuingia mlangoni kwetu.

Usiku mmoja baada ya Isha vijana wawili wakubwa walimkuta barazani, wakampa shilingi 500 awasaidie kutukua mzigo kutoka ufukweni hadi nyuma ya gofu moja lililoko juu ya mtaa. Mzigo umefungwa turubali, mzito, wa kubebwa na watu watatu. Wakaushusha, wakampa pesa yake, akaja nyumbani akalala. Alfajiri mvuvi mmoja akakuta boti yake haina mashini.

Polisi walipokuja, wale wawili walikuwa washavuka Mokowe, upande wa bara, na hadi leo hawajaonekana. Huyu wangu walimkuta pale pale barazani, anakula mabuyu, mdomo mwekundu.

Alilala kituoni usiku mmoja. Asubuhi nikaenda na chupa ya chai na mahamri, nikaambiwa nisubiri nje. Huko ndani, kama alivyonieleza baadaye, aliambiwa hivi: ukikubali, kesho unalala kwenu, ukikataa, utapelekwa rumande Malindi na haijulikani utakaa mpaka lini. Kisha ami yake akaruhusiwa kuingia, naye akamwambia yayo hayo kwa maneno ya kizee: kubali, yaishe, usitutie fedheha. Mwenye mashini ni rafiki yake ami, wanavua pamoja miaka mingi. Ami ameshamuahidi kumlipa kidogo kidogo.

Kortini nikaulizwa cheti cha kuzaliwa, ili umri wake uthibitike. Nikarudi nyumbani mbio, nikapindua kabati zima. Niliporejea, cheti kwapani na jasho limenitota, mambo yalikuwa yashakwisha. Nimeelezwa kwamba karani alimuuliza kama ni kweli alichukua mashini ya mtu, naye akajibu, "Ni kweli, nalitukua." Wakili hakuwapo. Hakimu akaagiza ripoti ya afisa wa probesheni, nikaweka sahihi yangu ya dhamana, tukaambiwa turudi baada ya wiki mbili.

Usiku wa tatu tunakula, akasema bila kuniangalia, "Khale, mimi sikuiba. Nalitukua tu." Nikamuuliza, sasa mbona ulikubali? Akasema, "Walinambia nitarudi. Nikarudi." Akaendelea kula wali wake.

Zimebaki siku 9. Ami anasema nisifufue maiti, kesi ikianza upya itachukua mwaka na mtoto atafungwa. Mamake hajui lolote. Kila akipiga simu namwambia mtoto yuko darasani. Nataka kujua: anaweza kuyarudisha maneno yake? Hakimu hatakasirika? Na kubwa kuliko yote, nikimwambia abadilishe, namfunza uongo au namfunza kweli?

Khale mwenye kiherehere, Langoni

JIBU

Wa aleikum salaam mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale pale: "Walinambia nitarudi. Nikarudi." Mtoto huyo hakusema uongo. Alipewa bei, akalipa, akapokea bidhaa yake. Ni sisi watu wazima tulioita jambo hilo kukiri kosa.

Swali lako la kwanza nalijibu mapema kwa sababu siku zinakwenda. Ndiyo, anaweza. Mahakama ina uwezo wa kumruhusu mshtakiwa abadilishe jibu lake wakati wowote kabla haijatoa amri ya mwisho ya adhabu, na kwenu bado. Hakimu ameagiza ripoti tu. Siku 9 hizi ni mali. Amri ikishatolewa, njia inakuwa nyembamba sana: sheria humruhusu aliyekiri kukata rufaa juu ya adhabu tu, uzito wake au uhalali wake, isipokuwa aionyeshe Mahakama Kuu kwamba kukiri kwenyewe hakukuwa wazi. Rufaa za kwenu huko husikizwa Garsen. Ukitazama nauli na siku za kulala njiani, bora useme sasa.

Mimi, kabla ya macho kunisumbua, nilikuwa karani na mkalimani kwenye mahakama za huku Pwani kwa miaka mingi. Kazi yangu ilikuwa kusimama kati ya kizimba na meza ya hakimu na kuyavusha maneno kama nahodha anavyovusha abiria. Kwa hivyo niache nikae kidogo kwenye lile neno moja, nalitukua, kwa sababu nadhani kesi yote imelala humo.

Kwenu Amu (Lamu), "chukua" hutamkwa "tukua", na mtu hutukua mzigo: huuweka begani akaupeleka. Ndiyo maana ya zamani ya neno hilo kwa Waswahili wote. Hata kwenye mashairi ya wazee utaikuta. Lakini mtu aliyelelewa Kiswahili cha bara akisikia "alichukua mashini ya watu", husikia ameipoka, ameondoka nayo, ameiba. Karani aliuliza kwa Kiswahili kimoja, mtoto akajibu kwa kingine, na wote wawili wakaona wameelewana. Kisha jibu likaandikwa kwa Kiingereza, ambako huwa maneno matatu tu yasiyo na bega wala mzigo. Nimeyaona hayo si mara moja. Nilipokuwa kijana kazini nilimwona mzee wa Kimijikenda akijibu "ni kweli" kwa kila sentensi, akitikisa kichwa kwa adabu, na baadaye ikabainika alikuwa akimaanisha "nakusikia".

Sheria inajua hatari hiyo. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, iliweka utaratibu ambao mahakama zetu zinaufuata mpaka leo. Mshtakiwa asomewe shtaka na viungo vyake vyote kwa lugha anayoielewa. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kadiri inavyowezekana. Kisha mwendesha mashtaka aeleze kisa kilivyotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kukikubali, kukikataa au kukieleza. Akisema jambo lolote linalotia shaka hatia yake, hakimu anatakiwa afute lile la kukiri na kuandika kwamba amekana. Shtaka la wizi lina viungo, mwanangu. Kutembea na kitu cha mtu begani ni kimoja tu; lazima pia uwe umedhamiria kumnyang'anya mwenyewe. Hata kosa la kupokea mali ya wizi linataka ujue, au uwe na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi. Mtu anayesema "nilibeba, sikujua ni nini" hajakiri chochote katika hayo mawili.

Kwa hivyo kitu cha kwanza cha kufanya kesho asubuhi: nenda kwenye afisi ya masjala ya korti uombe nakala ya mwenendo wa siku ile. Utaandika barua fupi, utalipa ada kidogo. Unataka kuona kilichoandikwa baada ya "ni kweli". Je, kisa kilisomwa? Mtoto aliulizwa kama anakikubali? Neno lake la Kiamu limo, au limefunikwa? Wakili akiwa na karatasi hiyo mkononi ana pa kuanzia.

Sasa nije kwa mtoto mwenyewe, maana wewe umeuliza kwa nini alikubali na ukaona jibu lake ni la ajabu. Si la ajabu. Mtoto wa miaka 15 anaijua kesho kuliko anavyoujua mwaka ujao. Mbele yake uliwekwa usiku mmoja wa kulala sakafuni, na ng'ambo ya pili kitanda chako. Lile la mbali, rekodi ya kesi, miaka ya uangalizi, jina mtaani, halikuwa na uso. Rumande ya Malindi ilikuwa na uso. Kutoka kwenu ni kuvuka maji mpaka Mokowe, kisha zaidi ya kilomita 200 za barabara na vizuizi vyake, na huko hakuna khale wa kuja na chupa ya chai.

Wala si mtoto wa Lamu peke yake. Mwaka 2003 ulichapishwa Marekani utafiti mkubwa uliolinganisha vijana 927 wa miaka 11 hadi 17 na watu wazima vijana 466 wa miaka 18 hadi 24. Walipewa visa vya kubuni: uko mbele ya polisi, uko mbele ya mwendesha mashtaka, ungefanyaje? Wa miaka 15 kushuka chini walikuwa wepesi kuliko wakubwa kufuata alilotaka mwenye mamlaka: kumwambia askari yote, kupokea mapatano waliyowekewa. Uingereza, ambako mtoto wa miaka 10 hushtakiwa, anayekiri siku ya kwanza kabisa huweza kupunguziwa mpaka theluthi moja ya adhabu yake, na wasomi wa huko wana wasiwasi huo huo: punguzo lililokusudiwa kumzawadia mwenye hatia anayejuta humvuta pia yule asiyekuwa na hatia lakini amechoka. Na Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto mwaka 2007 ilionya juu ya ahadi hiyo hiyo aliyopewa mwanao, ya kwamba utaenda nyumbani ukishasema ukweli, ikasema humsukuma mtoto kukiri asilolifanya. Kenya iliridhia mkataba wa haki za mtoto mwaka 1990, nao unakataza kumshurutisha mtoto kukiri. Kamati ilieleza kwamba kushurutisha si fimbo peke yake.

Kuna jambo jingine nililoliona kizimbani ambalo sijalisoma kwenye utafiti wowote. Watoto wetu hufunzwa kwamba mkubwa akisema, mdogo haitikii "hapana". Ukimwambia mtoto wa Kiswahili mbele ya watu wazima sita, wawili kwa sare na mmoja kwa joho, "Ni kweli au si kweli?", unamwomba avunje adabu aliyolelewa nayo ili ajitetee. Wengi hawawezi. Nilikuwa nawaona wakitazama sakafu, kisha wakimtafuta mama kwa jicho, kisha wanatoa lile jibu fupi linalowafurahisha wakubwa. Wako alitafuta, na wewe ulikuwa unapindua kabati. Usijilaumu. Uliagizwa cheti, ukaenda kukileta. Mtoto hakupaswa kusomewa mashtaka mlezi wake akiwa njiani na wakili hayupo.

Hilo la wakili ndilo la pili. Katiba, kifungu cha 50, inataka mshtakiwa yeyote apewe wakili na Serikali iwapo bila hivyo haki itaharibika vibaya, na aelezwe haki hiyo mapema. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inampa hakimu uwezo wa kuamuru mtoto asiye na wakili awekewe mmoja kwa fedha za umma. Mawakili wengi wa huku Pwani hushika kesi za watoto bila malipo. Hakimu huwajua, na afisa wa watoto wa kaunti huwajua. Nenda kwa afisa wa watoto kwanza, kabla ya kuuliza mtu mwingine yeyote mtaani. Ukikwama, piga 116, ni laini ya watoto, haina malipo. Na hata wakili asipopatikana kwa siku 9, mtoto ana haki ya kusimama siku hiyo na kusema: "Naomba wakili kabla ya kuendelea." Maneno matano. Mfunze ayaseme kwa sauti.

La tatu ni afisa wa probesheni. Atakuja nyumbani, atakaa kwenye kiti chako, atauliza habari za shule na za baba. Watu humwona kama mgeni wa kupambiwa maneno. Mtoto huambiwa, "Sema umejuta tu." Hapana. Amwambie kisa kizima kama alivyokuambia wewe, turubali na shilingi 500. Ripoti ikiandika kwamba kijana anasema hakujua kilichokuwamo, hakimu hawezi kuipita kama hakuiona.

Sasa swali lako zito, uongo au kweli. Hapa sitakupendeza.

Wewe unajua nini kwa hakika? Unajua alichokuambia juu ya sahani ya wali. Hukuwapo ufukweni. Watu watatu, usiku, mzigo mzito uliofungwa, unapelekwa nyuma ya gofu, si nyumbani kwa mtu. Na shilingi 500 kwa mwendo huo ni ujira mnono. Mwendesha mashtaka atayauliza hayo yote, na afadhali uyaulize wewe kwanza, kwa upole. Usimuulize "Uliiba au hukuiba?", kwa sababu swali hilo lina majibu mawili tu na yeye anajua lipi litakufurahisha. Mwambie: nieleze usiku ule tangu ulipotoka barazani. Kisha nyamaza. Fundi wa kuhoji ni anayevumilia kimya. Unachokitafuta ni saa gani alijua. Alijua kabla ya kuinua? Alihisi njiani, pengine aliponusa petroli? Alijua asubuhi, mtaa ulipopiga kelele? Kila jibu lina mlango wake tofauti mahakamani.

Akikuambia alijua tangu mwanzo, basi usimpeleke kukana. Bado atahitaji wakili, na bado atakuwa na njia nzuri kuliko anavyodhani ami. Sheria ya 2022 imeweka utaratibu wa kumtoa mtoto kwenye kesi kabisa akikubali mwenyewe, bila kusukumwa, kwamba alikosea: anamwomba radhi aliyekosewa, analipa au anafanya kazi fulani, anakwenda kwa mshauri, na afisi ya mwendesha mashtaka ikiridhia kesi inaishia hapo. Hilo nalo ni kukiri, lakini ni kukiri kwa mtu anayejua anakiri nini na anapata nini. Angalia tofauti yake na usiku ule wa kituoni.

Akikuambia hakujua, au alianza kuhisi tu mzigo ukiwa tayari begani, basi kubadilisha jibu ndiko kusema kweli. Na akisema hayo mahakamani aseme hayo tu, kwa Kiamu chake: nilitukua, nilipewa 500, sikujua ni mashini. Asiongeze "sikuwapo", asiongeze "sijui wale ni kina nani" kama anawajua. Nimeona kesi nzuri zikizama kwa ajili ya uongo mdogo uliotiwa kama kiungo.

Hakimu hatakasirika? Huenda akakunja uso, ana mafaili mengi. Lakini kumsikiliza mtoto anayeomba kubadilisha jibu ni kazi yake, si hisani.

Na hofu ya kufungwa, hiyo ami ameikuza. Mtoto chini ya miaka 18 hafungwi jela nchini Kenya; sheria imekataza, na hata maneno ya "kutiwa hatiani" na "hukumu" hayatakiwi kutumika kwa mtoto aliye mbele ya Mahakama ya Watoto. Yapo mengine: kuachiliwa kwa masharti, uangalizi wa probesheni, shule ya kurekebisha tabia, na kwa vijana wakubwa zaidi bostali, yaani taasisi ya kuwazuilia na kuwarekebisha vijana waliokosa, kama ile ya Shimo la Tewa. Bostali si mchezo, sitaki kukudanganya, inaweza kuchukua miaka mitatu. Lakini fikiri: hayo yote huja baada ya kukiri au kupatikana na kosa. Anayekiri bila kuelewa ndiye aliyekaribia zaidi mlango huo, naye ndiye ami anadhani amemwokoa. Na wakati kesi inaendelea, kifungu cha 53 cha Katiba kinasema mtoto asizuiliwe ila iwe njia ya mwisho kabisa, kwa muda mfupi. Yuko kwako kwa dhamana sasa. Kubadilisha jibu peke yake si sababu ya kuiondoa.

Kesi itakuwa ndefu? Huenda. Mashahidi wataitwa, wataahirisha, mtapoteza siku za kazi na yeye siku za shule. Ami hajakosea hapo, na usimfanye adui. Ameona fedheha ya rafiki yake wa baharini akataka kuizima kwa njia anayoijua mtu mzima wa Lamu: lipa, ombeni radhi, funikeni. Mwambie, kupitia mkewe au mzee anayemheshimu, kwamba malipo kwa mwenye mashini yanaweza kuendelea hata mtoto akikana. Kusaidia jirani aliyepata hasara si kukubali wizi. Katiba yenyewe, kifungu cha 159, inazihimiza mahakama kukuza mapatano. Ila aandike hivyo kwenye karatasi, kwamba analipa kwa ujirani. Asiandike "kwa niaba ya mwizi", nimeyaona hayo kwa macho yangu mawili, na karatasi ile ilikuja kusomwa kortini.

Mtoto wa chini ya miaka 12 asingeshtakiwa kabisa, na chini ya 14 Serikali ingelazimika kwanza kuthibitisha kwamba alijua baya na jema. Wako ana 15, amepita vizingiti vyote viwili. Ndiyo maana cheti chake hakitamtoa kizimbani, lakini kinampa hakimu wa watoto, kikao mbali na washtakiwa wazima, na hayo mengine yote niliyokutajia. Kilikuwa na kazi siku ile, na bado kinayo.

Dada yako umpigie leo. Si kesho. Akija kusikia kwa majirani kupitia kundi la WhatsApp la watu wa Langoni walioko Jeddah, utapoteza dada pamoja na kesi. Mwambie kwa ufupi, mpe mtoto simu, utoke chumbani.

Siku yenyewe mtakwenda mapema, kabla milango ya korti haijafunguliwa. Umpe chai nyumbani, kwa sababu mtoto mwenye njaa hukubali chochote. Ukae pale anapoweza kukuona bila kugeuza shingo. Na kile cheti cha kuzaliwa, mwanangu, usikirudishe kabatini. Kitie mkobani leo usiku, na mkoba uutundike mlangoni.